Kutoka kwa Dirie Hadi kwa Njogu, Mara Saba

Jumatano, 1 Aprili

Leo ni siku yangu ya tano ya kuitwa mke wa Junaid, na bado nikiitwa hivyo nageuka nyuma kuona ni nani anayeitwa.

Naandika nikiwa juu ya kitanda chetu kipya, katika chumba cha mabati kilichojengwa nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu hapa Ziwani. Chumba ni kidogo hata tukifungua kabati lazima mmoja wetu apande kitandani. Nakipenda. Nalipenda kabati, nakipenda kitanda, naupenda hata msumari wa mlangoni anapotundika koti lake la kiwandani. Junaid anafanya kazi Baba Dogo, kwenye kiwanda cha ndoo na mabeseni, na koti lile linanukia plastiki moto. Akishatoka huwa nalinusa. Nimeandika hivyo na sioni haya, kwani daftari ni langu.

Jambo lililonifanya nianze kuandika ni hili. Junaid hupenda kutembea. Siku za mapumziko, wenzake wakienda kutazama mpira, yeye hufungua programu ya ramani kwenye simu, anagusa hapa na pale kwa kidole, na mstari mwekundu unajichora kufuata barabara. Kisha anatoka kuufuata hadi mwisho. Anapotembea, simu inachora mstari wa pili, wa buluu, kuonyesha alikopita kweli. Unaweza pia kuweka alama mahali fulani na kuandika maneno yako.

Leo ameniachia simu yake ya zamani nijifunze. Nikakuta njia aliyoihifadhi tangu mwaka juzi, kutoka Ziwani hadi kwetu Makongeni, kilomita tano na kidogo. Jina lake: "Kwa Abrar", yaani kwangu. Nikagusa alama moja karibu na nyumba ya baba yangu. Imeandikwa: "Hapa nilimwona na ndoo ya kijani." Nyingine, hatua chache mbele: "Hapa alinisalimu yeye kwanza."

Mwaka juzi! Nami nilidhani anapita kwetu kwa sababu ni njia ya mkato. Nimelia mpaka mto umelowa.

Jumamosi, 4 Aprili

Leo nimeelewa kinachomkosesha mama mkwe wangu usingizi.

Jina lake ni Bi Muhiba, lakini mtaani ni Mama Junaid, na mimi namwita Mama. Amepika na kuuza kaimati na viazi karai miaka mingi akiweka akiba ya kwenda Umra, ile hija ndogo, na sasa nauli imetimia. Msafara wa akina mama unaondoka mwezi wa Juni. Tatizo ni goti. Mwaka jana aliteleza bafuni akalala miezi mitatu, na Junaid ndiye aliyekuwa akimbeba kumtoa ndani na kumrudisha.

Asubuhi, tukinywa chai, Junaid akasema kwamba Ustadh Abdurahim, kiongozi wa msafara, anaandika orodha ya watakaohitaji kiti cha magurudumu, na orodha inafungwa mwisho wa Mei.

"Nimemwambia akuandike, Mama."

Mama akaweka kikombe chini polepole. "Umemwambia kwa ruhusa ya nani?"

"Mama, huko kutoka kilima cha Safa hadi cha Marwa ni kutembea mara saba. Ni kilomita tatu na zaidi. Wewe kufika dukani kwa Dirie tu unapumzika mara mbili."

"Nimeomba miaka yote hiyo niende kwa miguu yangu. Sitaki kusukumwa kama gunia la viazi kwenye mkokoteni wa sokoni Muthurwa."

"Viti vya huko ni vizuri, Mama. Vina mito."

"Basi kaa wewe."

Wakatazamana wote wawili, na mimi katikati na sinia la mahamri. Wanafanana wakikasirika, midomo inabanwa vilevile. Ndipo nikasikia sauti yangu ikisema, "Na akifanya mazoezi? Mimi nitamchorea njia. Akiweza kilomita tatu kabla orodha haijafungwa, atembee."

Junaid alinitazama kwa macho yale aliyonitazama nayo siku ya nikaha. "Sawa," akasema. "Nitamwambia Ustadh asubiri. Kabla orodha haijafungwa, mara saba, bila kubebwa. Akishindwa, kiti."

Mama akanisogezea hamri lililovimba kuliko yote.

Jumatatu, 6 Aprili

Njia yetu ya kwanza! Nimechora mviringo wa mita mia sita, kutoka mlangoni, kuzunguka safu yetu ya nyumba, na kurudi mlangoni. Tumetumia dakika ishirini na tano. Watu wengi barabarani, na wote wakauliza, "Mama Junaid, waenda wapi?" Mama akajibu, "Hapa tu." Mstari wa buluu umelala juu ya mwekundu kama uzi juu ya mshono.

Junaid ameniwekea alama kabla ya kwenda kazini: "Hapa kuna jiwe limelegea. Mshike Mama mkono wa kushoto. Mkono wa kulia jishike wewe kwa niaba yangu."

Jumanne, 7 Aprili

Mita mia nane. Junaid ameleta ndizi.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua imeanza. Chumba cha mabati kinapiga ngoma, hatusikizani hata tukikaribiana, kwa hiyo tunakaribiana zaidi.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimefanya kosa kubwa na sijui nianzie wapi.

Mimi si mtoto wa Ziwani. Njia za hapa nazijua kwa simu tu. Jana niliona kwenye ramani kijia chembamba nyuma ya nyumba za mwisho, kimenyooka, hakina magari. Nikaangalia picha ile inayopigwa kutoka juu, nikaona kikavu, cheupe, kizuri. Nikakichora, nikakipa jina "Njia ya Utulivu". Nilijiona fundi.

Sikufikiri kwamba picha ile ilipigwa kiangazi. Hicho si kijia. Ni mtaro. Wakati wa jua watu hupita ndani yake, na wakati wa mvua hupita maji ya mtaa mzima.

Tulipofika pale kulikuwa na tope lililoonekana kuwa gumu juu. Mama akasita. "Abrar, mwanangu, hapa mimi sipiti masika."

"Ramani inasema ni njia, Mama. Ni hatua kumi tu."

Akaniamini. Hatua ya nne mguu wake ukazama hadi kwenye goti lile bovu. Akapiga ukelele mmoja mfupi, kama mtu aliyeungua. Ndara ikabaki chini, buibui likalowa tope, naye akashika hewa. Nikamkumbatia kiunoni na kumvuta, nikamwinua kabisa kutoka chini kama mzigo, na upande wa pili watu waliokuwa bombani na mitungi yao wakasimama kutazama. Mmoja akasema jambo, wengine wakacheka.

Nyumbani nilimkanda goti kwa maji ya chumvi. Nikamwomba msamaha mara nne. Kila mara akasema, "Yamepita," lakini alikuwa anatazama ukuta.

Junaid hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikaa karibu nami, akaifungua ramani, akaifuta "Njia ya Utulivu" taratibu, kisha akanifuta tope lililokuwa bado limenikauka sikioni.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua. Hatukutembea.

Alhamisi, 16 Aprili

Nimepata kibarua cha kupinda mabuibui kwa Hibaq, mwenye duka la nguo Eastleigh. Nilitaka kukataa kwa ajili ya mazoezi ya Mama, lakini yeye mwenyewe amenisukuma. "Nenda, mwanangu. Nipe hiyo simu ya zamani, nitatembea peke yangu. Wewe utauona mstari ukirudi." Yaani hajakata tamaa! Nimembusu mkono.

Jumatatu, 20 Aprili

Mashaallah! Mama ametembea kilomita mbili na mita mia moja! Tangu Ijumaa hajakosa hata siku moja, mvua haikumzuia. Nikirudi nakuta simu juu ya meza, na namba juu yake kama zawadi. Nimemwambia Hibaq, nimewaambia wateja, nimemwambia hata mwanamume aliyeleta vitambaa. Junaid alisikiliza huku akitabasamu kidogo, akasema, "Mama yangu ana siri nyingi."

Jumamosi, 25 Aprili

Hibaq amefunga mapema, na nimefika nyumbani saa kumi na moja. Kwa furaha sikungoja hata kuvua viatu. Junaid ameunganisha simu zetu zote kwenye programu ile, kwa hiyo nilifungua yangu nione mstari wa leo ulipofika.

Ulitoka mlangoni, ukapita duka la Dirie, ukavuka barabara. Kisha ukaingia kwenye lango la kanisa.

Haukupita kando yake, uliingia ndani. Ukaenda hadi mbele kabisa, na hapo ukajikunja na kujisokota kama uzi uliochezewa na paka, kwa saa moja na nusu. Mama mkwe wangu, ambaye hata akiazima chumvi husema Bismillahi! Nikainua macho. Kupitia dirishani nikamwona Mama huyohuyo ameketi jikoni kwake, miguu juu ya kigoda, anamenya viazi. Na kwenye simu mstari wa buluu ulikuwa bado unatembea, unarudi nyumbani.

Dakika tano baadaye jirani yetu Wangeci, tunayemwita Mama Tiffany, akaingia uani akiwa na sare ya kwaya. Akatoa kitu chini ya leso, akamwekea Mama mezani. "Leo tumefanya mazoezi marefu, Mama Junaid," akamnong'oneza. "Utapata kilomita nzuri."

Nimerudi chumbani na kufungua mistari yote ya nyuma. Jumanne: kwa msusi wa nywele. Jumatano: soko la Kariokor, kwenye meza za mboga. Ijumaa: kwenye posho mill, kusaga unga. Kilomita zote nilizojivunia ni za Mama Tiffany.

Na leo zimebaki wiki tano tu.

Jumapili, 26 Aprili

Junaid alikwenda kumtazama rafiki yake. Nikaingia jikoni kwa Mama, nikaketi, nikaanza kumsaidia kukanda unga. Nilikuwa nimepanga maneno ya upole usiku kucha, lakini yaliyotoka ni haya:

"Mama, jana mliimba nyimbo gani?"

Mkono wake ukasimama ndani ya unga. "Nani kakuambia?"

"Simu."

"Simu ina mdomo?"

"Ina mstari." Nikamwonyesha. Akavaa miwani, akatazama kwa muda.

"Na hili fundo hapa ni nini?"

"Hilo ni Mama Tiffany akicheza na kwaya."

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, nami nikacheka, na unga ukatujaa mashavuni. Kisha nikaona kwamba machozi yake hayakuwa ya kicheko tena.

"Goti linauma, Abrar, sikufichi," akasema. "Lakini si goti. Mimi miaka arubaini katika mtaa huu, nikitoka ninakwenda mahali. Nakwenda kumjulia hali aliyejifungua. Nakwenda msibani. Napeleka kaimati. Wewe umeniweka barabarani niende, nirudi, niende, nirudi, mkono mtupu. Siku ya kwanza wakaniuliza waenda wapi. Siku ya pili wakaniuliza. Siku ya tatu hawakuniuliza tena, wakanitazama tu. Unajua mtu mzima akizunguka bila haja, na watu wakaacha kumuuliza, wanafikiri nini?"

Nilikuwa nimeanza kujua.

"Wanafikiri akili imemtoka. Na siku ile ya tope, ulisikia walichosema bombani?"

"Sikusikia, Mama."

"Walisema mkazamwana anamzungusha mama mkwe kama ngamia wa kinu cha mafuta. Kisha ukaniinua kiunoni. Bibi harusi wa wiki mbili ananibeba mbele za watu! Nikasema, mimi barabara ile siendi tena. Lakini wewe ulikuwa na furaha. Kila jioni unakuja mbio kutazama namba. Ningekuambia nini?"

Nimefikiri muda huu wote kwamba Mama anaogopa kuanguka. Kumbe aliogopa kuonekana hana pa kwenda. Na mimi, niliyehesabu mita zote hizo, sikumuuliza hata siku moja anapenda kwenda wapi.

"Usimwambie Junaid," akasema. "Ataliandika jina langu kwenye viti kesho asubuhi."

Nimeahidi. Ni siri yangu ya kwanza kwa mume wangu, na ndoa yetu haijatimiza hata mwezi. Chakula cha jioni nilikichezea tu kwa kijiko. Junaid akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni pilipili.

Jumatano, 29 Aprili

Mvua. Namwona mume wangu akilala fofofo na nasikia vibaya.

Ijumaa, 1 Mei

Sikukuu, na Mama ameniita mapema. "Lete ramani yako." Tukaketi barazani kwake, maji yakitiririka kwenye paa.

"Hii ramani inajua nani kajifungua?"

"Haijui, Mama."

"Inajua nani mgonjwa? Inajua wapi maji husimama masika?"

"Haijui."

"Basi tuiambie."

Akaweka kidole chake kwenye kioo, akakiburuta. Mstari mwekundu ukaruka na kurudi barabarani. Akaburuta tena, ukaruka tena. "Huyu ni mbishi," akasema. "Namwambia tupite uani kwa Mama Tiffany, yeye ananipeleka kwa magari." Nikatafuta mahali pa kuzima ule msaada wa kufuata barabara, ili kidole kichore kinavyotaka chenyewe. Na Mama akachora! Akapita katikati ya nyua, nyuma ya chumba cha maji, chini ya kamba za nguo, kwenye sehemu za juu ambazo hata mvua ya siku tatu haizigeuzi kuwa tope. Kila alipokunja kona akaniambia sababu, nami nikaiandika kwenye alama. "Hapa mzee ana kikohozi, tangawizi." "Hapa mtoto mchanga, mpelekee uji mama yake." "Hapa kuna baraza, mwenyewe hakasiriki ukiketi."

Ziwani nimekaa mwezi mzima, na leo ndiyo mara ya kwanza kuiona.

Alasiri tukatoka. Kilomita moja na nusu kwa vituo sita, na Mama alikuwa na kikapu mkononi. "Mama Junaid, waenda wapi?" "Kumjulia hali mzazi!" alijibu, na sauti ikapanda kama ya msichana.

Alhamisi, 7 Mei

Lakini mtu anayeketi vituo sita hajatembea mara saba mfululizo. Mama mwenyewe amelisema leo. Tunahitaji njia iliyonyooka, na sababu ya kwenda na kurudi mara saba. Nani ana haja ya kwenda mahali palepale mara saba?

Jumamosi, 9 Mei

Tumepata! Ee Mola, tumepata!

Dirie ana duka huku mwanzo wa barabara yetu. Njogu, fundi viatu, ana kibanda chini ya tangi la maji, kule mwisho. Nimepima: mita mia nne na hamsini, karibu sawa na kutoka Safa hadi Marwa. Wazee hawa wawili walikuwa wakicheza drafti ya visoda, vile vifuniko vya soda, kila jioni, mpaka ndugu yake Dirie alipohama na Dirie akawa hawezi kuacha duka. Njogu naye akiacha kibanda, viatu vya watu vitapata miguu. Miezi miwili hawajacheza, na kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyekimbia mchezo.

Leo Mama alikuwa ananunua sukari, Dirie akaanza: "Mwambie Njogu nilikuwa namla. Ana bahati nina kazi."

Mama akafunga kikapu chake. "Una ubao hapa?"

"Ninao."

"Na yeye anao. Panga visoda. Niambie unachocheza, nitampelekea."

Basi Mama akatembea mita mia nne na hamsini na habari ya kisoda kimoja kichwani mwake. Njogu akaacha sindano yake kubwa kwenye soli. "Amecheza cha tatu kutoka kushoto? Huyo mzee hajabadilika! Mwambie hivi, Mama Junaid: mimi nasogeza cha kona. Na umwambie aangalie nyuma yake."

"Na matusi nibebe pia?"

"Hayo ndiyo ya maana zaidi."

Safari tatu leo. Nilimwambia Mama, "Basi kwa Dirie ndiyo Safa na kwa Njogu ndiyo Marwa." Akanipiga kofi dogo la bega. "Usiyataje hivyo. Haya ni mazoezi." Lakini alikuwa anatabasamu.

Jumanne, 12 Mei

Safari nne. Njogu amepoteza visoda viwili, analaumu mvua.

Ijumaa, 15 Mei

Tano. Watu wa bombani sasa wanauliza, "Mama Junaid, nani anashinda?"

Jumatatu, 18 Mei

Goti limevimba. Hakutoka. Njogu na Dirie wametuma mtu kuuliza mara tatu. Nimemkanda, nikamwimbia, akasema sauti yangu ndiyo inayoumiza.

Jumatano, 20 Mei

Tatu tu. Junaid amesema Jumamosi atakuja kuona mwenyewe, kwa sababu orodha inafungwa.

Jumamosi, 23 Mei

Nitaandika polepole, nisiruke hata hatua moja.

Tulianza saa tatu asubuhi, mawingu yakiwa chini. Mama alivaa raba nyeupe alizonunuliwa kwa safari, na simu nikamfunga kifuani kwa kitambaa ili asije akampa mtu. Junaid alitembea nyuma yetu na mwavuli uliofungwa. Mama Tiffany alikuja na kigoda, "kama tu atakihitaji," akiepa macho yangu.

Safari ya kwanza, ya pili, ya tatu, vizuri. Dirie alikula kisoda, Njogu akala viwili. Safari ya nne Mama akaanza kuburuta mguu. Ya tano, katikati ya njia, mvua ikashuka yote kwa pamoja. Junaid akafungua mwavuli juu ya mama yake. Mama akasimama. Midomo yake ilikuwa nyeupe, na mkono ukaenda gotini.

"Mama," akasema Junaid. "Yatosha. Umeonyesha. Hakuna aibu kwenye kiti."

Niliuma leso yangu. Barabara nzima ilikuwa imenyamaza, watu wako chini ya mapaa, wanatazama. Nilidhani huo ndio unyamavu ule alioniambia Mama, wa kutoulizwa tena.

Kutoka kule mwisho, chini ya tangi, Njogu akapaza sauti kwa nguvu zake zote: "Mama Junaid! Huyo Dirie amecheza nini?"

Mama akainua kichwa. "Ngoja!" akaita. "Ninakuja kukuambia!"

Akavuta pumzi, akatoa mkono gotini, akatembea. Akaenda na kurudi na kwenda tena, na mvua ikimpiga, kwani aliupita mwavuli, na Junaid akawa anamfuata mbio ili amfunike. Safari ya saba ilipoisha alishika nguzo ya kibanda cha Njogu, akasema mbele ya watu wote: "Amecheza cha katikati. Umefungwa, Njogu." Na watu wa bombani wakapiga makofi na vigelegele, na Mama Tiffany akalia kuliko mtu yeyote.

Kilomita tatu na mita mia moja na hamsini. Buluu juu ya nyekundu, mara saba.

Junaid alimpigia Ustadh Abdurahim palepale, akilowa. "Mama hatahitaji kiti," akasema.

Tulipofika nyumbani, nikimkausha Junaid kichwa, sikuweza tena kuvumilia. Nikamwambia yote: kanisa, Mama Tiffany, ahadi yangu. Yeye akachukua simu, akafungua ramani, akanionyesha kanisa. Kulikuwa na alama pale ambayo sijawahi kuigusa. Ya tarehe ishirini na sita Aprili.

"Jana Mama aliimba sauti ya pili. Sitawauliza. Abrar atanieleza akiwa tayari, na mpaka hapo nitakula pilipili."

Alijua! Mwezi mzima alijua, na hakuandika jina la mama yake kwenye viti, na hakuniuliza. Nimeolewa na nani mimi? Nimeolewa na nani?

Jumatano, 27 Mei

Idi. Pilau, watu, kelele. Njogu amekuja kula na ubao wake, Dirie na wake. Wamekaa kiti kwa kiti, na wakakataa kucheza bila Mama kubeba.

Jumamosi, 20 Juni

Tumemsindikiza Mama. Ameondoka na raba zake nyeupe na simu ya zamani. Nyumba ni kubwa mno bila yeye. Mvua imekwisha, asubuhi ni baridi tupu.

Alhamisi, 25 Juni

Mchana, nikipinda buibui, simu yangu ikalia. Njia mpya imehifadhiwa.

Nikamwacha Hibaq na sindano, nikasimama mlangoni kwenye mwanga. Haikuwa na mstari mwekundu, kwa sababu hakuna mtu aliyeichora kabla. Ulikuwa wa buluu peke yake, umepindapinda, ukienda na kurudi, ukienda na kurudi, na nikahesabu kwa kidole, nikaanza tena kwa sababu macho yalijaa. Saba. Kwenye ya tano kuna doa, amesimama kidogo hapo. Kisha unaendelea.

Mwisho wake kuna alama, ya kwanza Mama kuandika mwenyewe:

"Nimefika. Simu nimebeba mimi. Mwambieni Njogu zamu ni yake."

Junaid alikuja kunichukua moja kwa moja kutoka kazini, na tukaenda pamoja kwa miguu hadi chini ya tangi la maji. Njogu alikuwa anashona kiatu. Nikamsomea. Akautazama ubao wake kwa muda mrefu, akavua kofia, kisha akachukua kipande cha ngozi na kuvifunika visoda, taratibu, ili vumbi lisiviguse.

"Mwambieni sichezi," akasema. "Nangoja aje anipelekee."